Kamba, Propela na Giaboksi: Gari la Gia za Mkono Livutwe Vipi?

Gari likizima katikati ya Biashara Street hapa Mombasa, hakuna anayekubali kungoja fundi. Njia ni nyembamba, magari yameegeshwa huku na huku, mahamali wanataka kupitisha mikokoteni yenye marobota ya leso, na tuktuk za nyuma zimeshaanza kupiga honi. Muda si muda kamba imepatikana, imefungwa chini ya bampa, na kitambaa chekundu kimening'inizwa katikati ili wapita njia waione. (Kitambaa ndicho kitu ambacho mtaa huu haujawahi kukosa.) Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema, "Weka nyutro, twende." Mwingine, mara nyingi dereva wa matatu wa siku nyingi, anatikisa kichwa: livute hivyo uone kama hujaiua giaboksi.

Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja ana gari lake kichwani. Kama lililozima ni Probox ya gia za mkono, wa kwanza amesema kweli. Kama ni Hiace, Caravan au pikapu ya Hilux, yule mzee asipuuzwe, na uzito wa neno lake unategemea kama gari linapelekwa Makupa au Mariakani. Tofauti haimo kwenye kamba wala kwenye uzoefu wa dereva. Imo kwenye swali moja ambalo sijasikia likiulizwa kando ya barabara: gari likivutwa, ndani ya giaboksi ni nani anayerusha oili?

Tuanze na Hiace, maana ndiyo inayotajwa zaidi kwenye visa hivi. Injini iko mbele, chini ya viti. Nyuma ya injini kuna klachi, kisha giaboksi, na kwenye mkia wa giaboksi inatoka propela inayokwenda hadi kwenye difu na magurudumu ya nyuma. Ndani ya giaboksi yenyewe zipo shafti tatu. Ya kwanza inaingia kutoka kwenye klachi. Ya pili imelala chini, na meno yake yameumana na ya shafti ya kwanza muda wote. Mafundi wengi huiita leishafti. Ya tatu ni shafti kuu, ile inayotoka nyuma kwenda kwenye propela. Gia zimekaa juu ya shafti kuu, lakini hazijaishika. Kila moja inaelea juu ya beringi za sindano, huku meno yake yameumana na mwenzake aliye kwenye leishafti. Ni pale unapochagua gia kwa mkono ndipo moja kati ya hizo inafungwa na shafti kuu na kuanza kuizungusha.

Giaboksi ya namna hii haina pampu ya oili. Oili inajazwa hadi usawa wa nati ya pembeni, basi. Kwa kiwango hicho leishafti imezama, na shafti kuu iko juu, imeguswa kidogo au haijaguswa kabisa. Kinachopandisha oili ni meno ya leishafti: yakizunguka yanaichota na kuitupa juu, nayo inatiririka kwenye gia na kupenya hadi kwenye beringi. Kwa hiyo anayezungusha leishafti ndiye anayelainisha giaboksi nzima, na anayeizungusha ni injini kupitia shafti ya kwanza. Injini ikizima na gia ikiwa nyutro, leishafti imesimama, hata magurudumu yakienda kilomita 80 kwa saa.

Sasa vuta kamba. Magurudumu ya nyuma yanazungusha difu, difu inazungusha propela, propela inazungusha shafti kuu. Gia zilizo juu yake hazizunguki, maana zimeshikwa na leishafti, leishafti imeshikwa na shafti ya kwanza, na shafti ya kwanza imeshikwa na klachi iliyobana kwenye injini isiyo na uhai. Shafti kuu inajizungusha peke yake ndani ya gia zilizotulia.

Tutie hesabu. Tairi la gari kama hili lina mzingo wa mita 2 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 417 kwa dakika. Ikiwa difu ina uwiano wa 4 kwa 1, propela na shafti kuu zinazunguka karibu mara 1,670 kwa dakika. Beringi zote za sindano zinapokea mwendo huo zikitegemea oili iliyobaki tangu injini ilipozima. Iliyo taabuni zaidi ni beringi ndogo iliyo kwenye pua ya shafti kuu, pale inapoingia ndani ya mkia wa shafti ya kwanza. Upande mmoja wake umesimama, upande wa pili unakwenda 1,670, na imejificha mahali ambapo oili hufika kwa shida hata siku njema.

Lakini tusimtishe mtu kupita kiasi. Mizunguko 1,670 si mingi. Ukiendesha kawaida baadhi ya beringi hizo hukutana na zaidi ya hiyo. Tena gari linapovutwa kwenye nyutro hakuna nguvu ya injini inayosukuma meno, kwa hiyo mzigo ulio juu ya beringi ni mdogo sana, ni uzito wa gia tu. Utando wa oili uliobaki unastahimili kwa muda. Kisha unapata joto, unakuwa mwepesi, unatiririka chini, na hakuna wa kuurudisha. Chuma kinaanza kukutana na chuma. Ukiifungua giaboksi iliyopitia hayo utaiona alama: shafti imegeuka rangi ya samawati pale sindano zilipokuwa, na sindano zenyewe zimechubuka.

Ndiyo maana jambo zima linaamuliwa na umbali na mwendo. Kutoka Biashara Street hadi gereji za Shimanzi au za karibu na Makupa ni kilomita chache, na kwa msongamano wa Jomo Kenyatta Avenue mara nyingi mkokoteni utakupita. Kwa safari hiyo sioni sababu ya kuihofia giaboksi yenye oili ya kutosha. Hata kuvuka hadi Changamwe, ukienda polepole, sina pingamizi. Mariakani ni habari nyingine: kilomita 35 na ushei, barabara inafunguka, na anayevuta anasahau kwamba nyuma yake kuna mtu. Voi, zaidi ya kilomita 150, kwa Hiace iliyozima huku propela bado imefungwa, ni kuitafutia giaboksi maziko. Vitabu vya magari kadhaa ya Toyota vinasema gari livutwe kwa kamba kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 80. Mimi kwa Hiace ambayo injini haiwaki ningepunguza hata huo umbali, kwa sababu sijaona anayeshika 30 akishapita Miritini.

Kuna kosa moja linalowaponyoka hata watu wenye pesa za kuita brekidauni. Lori linakuja, linanyanyua pua ya Hiace, magurudumu ya mbele yanaelea hewani, na mwenye gari anashusha pumzi: gari langu limebebwa. Halijabebwa. Magurudumu yanayozungusha propela ni ya nyuma, nayo bado yako chini yanabiringika. Kwa giaboksi hakuna tofauti yoyote na kamba. Pengine ni vibaya zaidi, maana lori linakwenda kasi ambayo mtu wa kamba asingethubutu. Hiace inyanyuliwe nyuma, usukani ukiwa umefungwa sawasawa uelekee mbele, au ipandishwe yote juu ya lori bapa, au propela itolewe.

Ukiinyanyua Probox mbele, umemaliza kazi. Magurudumu yanayoendeshwa yako hewani na giaboksi imelala. Hata ukiivuta kwa kamba, magurudumu yote manne chini, hali ni nzuri kuliko ya Hiace. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, giaboksi na difu zinakaa ndani ya nyumba moja na kutumia oili moja. Gia kubwa ya difu imezama kwenye oili hiyo, na magurudumu yakizunguka nayo inazunguka, inachota na kurusha, injini iwe inawaka au haiwaki. Juu ya hayo, katika giaboksi nyingi za aina hii baadhi ya gia zimefungwa imara kwenye shafti ya kutokea, kwa hiyo zinawazungusha wenzao na kusambaza oili zaidi. Vitz na Fielder za gia za mkono ni vivyo hivyo. Chunguza kwanza kama Probox yako si ile inayoendeshwa na magurudumu yote manne, maana nazo zinaingia bandarini kwetu. Hiyo ukiinyanyua mbele na kuacha nyuma zikizunguka, unaipa kazi isiyo yake ile kapilingi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Nimesikia ushauri mwingine unaotolewa kwa kujiamini sana: weka gia, kanyaga klachi, vuta. Anayeutoa amegusa kitu cha kweli bila kujua. Gia ikiwa imeingia na klachi imekanyagwa, shafti kuu inazungusha leishafti na oili inaruka. Shida ni gia gani. Tuseme dereva ameacha gia ya kwanza, yenye uwiano wa 4 kwa 1. Ile 1,670 ya propela inazidishwa kwa 4, na sahani ya klachi inazunguka karibu mara 6,700 kwa dakika kwa mwendo uleule wa kilomita 50. Sahani haikuundwa kwa hayo. Bitana zake zinaweza kupasuka na kutawanyika ndani ya nyumba ya klachi. Na mguu ukichoka, au waya wa klachi ukikatika, magurudumu ya nyuma yanaivamia injini kwa ghafla, gari linajifunga, kamba inakatika. Ushauri huo uache.

Dawa iliyo nyepesi kuliko zote ni kuwasha injini, kama inawaka. Gari huvutwa kwa sababu nyingi ambazo haziihusu injini: klachi imekwisha, waya wa klachi umekatika, propela yenyewe inagonga. Injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, gia nyutro, mguu mbali na klachi, shafti ya kwanza inazunguka mara 700 au 800 kwa dakika, inaizungusha leishafti, na oili inapanda kama kawaida. Kama tatizo ni rejeta iliyopasuka, huwezi kuiacha iwake njia nzima, lakini unaweza kusimama kila baada ya kilomita chache, ukaiwasha kwa dakika moja tu huku ukitazama geji ya joto, ukazima ukaendelea.

Injini ikiwa haiwaki kabisa na safari ni ndefu, toa propela. Ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, nayo inaweza kufanyika hapohapo mtaani juu ya katoni iliyoombwa dukani. Kabla ya spana kugusa kitu, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Gari ulilozoea kuliegesha kwa gia halitashikwa tena na gia, kwa sababu unakata kiungo kati ya giaboksi na magurudumu. Kwa Canter na malori madogo ya aina hiyo hatari ni kubwa zaidi: nyingi zina breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya giaboksi, juu ya propela, si kwenye magurudumu. Ukifungua propela, breki ya mkono imekwenda nayo.

Kisha chora alama ya rangi au ya tindo inayokata flenji ya propela na flenji ya difu, ili zikutane vilevile wakati wa kurudisha. Zikigeuzwa, gari linaweza kuanza kutetemeka kwenye mwendo. Fungua bolti nne upande wa difu, mara nyingi ni spana namba 14 kwa Toyota. Ukiishusha propela nyuma na kuivuta itoke kabisa mkiani mwa giaboksi, oili itafuata. Zamani tundu lile lilizibwa kwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwa waya. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini, kipande cha tyubu ya baiskeli kinafanya kazi vizuri zaidi, na hakikupeleki mahakamani. Wengine huiacha propela mbele na kuifunga kwa waya chini ya chesi. Sikatai kwa mwendo mfupi, mradi waya uwe wa kuaminika, maana ncha iliyofunguliwa ikidondoka itaburuzwa kwenye lami. Mwisho wa safari, jaza oili iliyopotea kabla ya kuwasha.

Magari ya magurudumu manne yenye boksi la pili, kama Land Rover Defender, yana bahati: boksi hilo lina nyutro yake, na likiwekwa hapo giaboksi kuu inapumzika. Jeep Wrangler ni hivyo pia, na kule Marekani imependwa sana kwa sababu hiyo. Wazee wastaafu wa kule huzunguka nchi nzima na nyumba za magurudumu huku wakivuta gari dogo nyuma, magurudumu yote chini, maelfu ya kilomita. Kwa kuwa wateja hao ni wengi, watengenezaji walilazimika kuandika wazi kitabuni gari lipi linavutika na lipi halivutiki. Honda iliruhusu CR-V za otomatiki zivutwe hivyo, kwa masharti ya kuwasha injini kwanza na kuzungusha oili. Modeli ya 2015 ilipokuja na giaboksi ya CVT, ruhusa ikaondolewa. Kwa waliokuwa na magari ya propela, kuliuzwa kifaa cha kuachanisha propela bila kulala chini ya gari. Hoja yao ni ileile ya katoni ya Biashara Street, ila wao wana pesa ya kuilipia.

Kuhusu otomatiki kwa jumla sina mengi. Oili yake inasukumwa na pampu, pampu inazungushwa na injini, na injini ikizima hakuna kitu. Haibridi kama Prius usiiguse kwa kamba: mota yake imeunganishwa na magurudumu moja kwa moja na inazalisha umeme kila yanapozunguka.

Sasa utajuaje kama Hiace yako iliumia? Usiamini maneno ya aliyeivuta wala ya fundi anayetaka kukuuzia giaboksi. Sikiliza. Beringi ile ya pua ya shafti kuu ikiwa imeliwa, giaboksi itanguruma kwenye gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, kisha itanyamaza ukiingiza ya nne. Gia ya nne katika giaboksi hizi huziunganisha shafti ya kwanza na shafti kuu zikazunguka pamoja, kwa hiyo beringi iliyo kati yao haina la kufanya. Mngurumo unaosikika gari likiwa limesimama kwenye nyutro na kunyamaza ukikanyaga klachi unatoka kwingine, kwenye beringi ya shafti ya kwanza, na huo hauna uhusiano na kuvutwa. Baadaye fungua nati ya chini, kinga oili kwenye chombo kisafi, uiangalie juani. Vumbi la njano linalometa ni shaba ya ringi za sinkronaiza, uchakavu wa kawaida wa gari la miaka. Vipande vya chuma vinavyonasa kwenye sumaku na kukwaruza vidoleni ni habari mbaya.

Ukweli ambao gereji hazipendi kuusema ni kwamba giaboksi nyingi zinazolaumiwa kwa kamba zilikuwa na kiu kabla ya kamba. Sili ya mkia imevuja miezi, hakuna aliyeangalia, na oili iliyobaki haifiki nusu. Giaboksi kama hiyo ingekufa hata ikiendeshwa. Kuvutwa kumeiharakisha tu.

Na giaboksi si ya kuogopwa kuliko vyote. Injini ikizima, busta ya breki inabakiwa na mikanyago miwili au mitatu, kisha pedali inakuwa ngumu. Usukani wa pawa unakuwa mzito. Na funguo ikichomolewa usukani unajifunga. Hiace yenye marobota ndani, kamba ya mita chache, mkokoteni unaokatiza bila kuangalia: hapo watu huumia. Aliyekaa kwenye gari linalovutwa awe dereva kamili, si kijana wa dukani, na funguo ibaki kwenye swichi.

Kwa hiyo nikiulizwa: Probox au Vitz ya gia za mkono inayoendeshwa na magurudumu ya mbele, vuta kwa nyutro na mwendo mdogo, haina neno. Hiace, Caravan na Hilux, vuta hadi Shimanzi, Makupa, au Changamwe polepole. Ukitaka kwenda mbele ya hapo, washa injini au toa propela, na brekidauni ikija muulize dereva wake atanyanyua upande gani kabla hujamlipa.